Mshamu Akataa Punda wa Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakigombea wanachuoni kuliko walivyogombea mipaka, alikuwako kijana jina lake Mshamu, fukara wa kutupwa, mwenye kanzu moja na ulimi usiojua kupumzika. Huyo Mshamu alikuwa amekwisha kukubaliwa na Maalim Shaame, mwanachuoni wa mji wa jirani, akampa mkono na neno lake kwamba mwezi ukiandama atakwenda kusoma kwake. Naye Maalim alikuwa na sharti moja: mwanafunzi aliyempa neno, kisha akaonekana akibisha hodi kwingine, kwake harudi tena.

Basi haukupita muda, akaja mjumbe wa Sultani Badru na punda mweupe mwenye matandiko ya hariri. Akasema, "Maulana amejenga chuo kipya, anakualika ukakitazame. Utapanda, utakula, utalala kwenye godoro la sufi, gharama zote juu yake. Ukipendezwa, utabaki usome."

Mshamu, ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni, akayatazama matandiko yale akameza mate. Jirani zake wakamnong'oneza, "Nenda ukale, bwana wee. Ukishiba, utasema unakwenda kufikiri."

Moyo ulimwuma, na tumbo zaidi. Lakini akamwambia mjumbe, "Mfikishie Maulana salamu na shukrani zangu. Nimekwisha kutoa neno kwa Maalim Shaame. Mrudishe punda leo hii, apate kupandwa na mwingine."

Sultani kusikia hayo alighadhibika, akaagiza Mshamu aletwe. "Ewe Mshamu, u nani wewe hata ukatae chakula changu kabla ya kukionja? Kuonja si kuahidi. Kesho utaketi kwenye mkeka wangu na kula, au uketi gerezani."

Ikawa Mshamu amebanwa: akila, amempoteza Maalim wake, asipokula, ni gereza. Akainama akasema, "Maulana, nitakula, ila nachelea maneno ya watu. Nakuomba ipigwe mbiu kwamba katika nchi yako, aliyekwisha kutoa neno kwa mmoja ana ruhusa ya kualikwa na mwingine, akatazame na kula, wala asilaumiwe."

Sultani akaliona jambo dogo. Mbiu ikapigwa mji mzima, ikawa ndiyo sheria. Na Mshamu akazunguka nyumba za matajiri wenye vijana waliofikia kuoa, akiwauliza kama wameisikia vizuri.

Asubuhi Sultani akaamshwa na ngoma. Kutazama nje, aona machela tatu zimepambwa, sinia za halua, na wazee wa mji wamevaa majoho. Mkubwa wao akasema, "Maulana, tumekuja kumwalika binti yako, Mwana Aziza, akaitazame nyumba yetu na kijana wetu. Atapanda machela, atakula, gharama zote juu yetu. Akipendezwa, abaki."

"Mna wazimu ninyi?" akasema Sultani. "Binti yangu ana mchumba. Posa nimeipokea kwa mkono wangu. Wakwe zangu wakisikia ametia mguu kwenu, nitauweka wapi uso wangu?"

Mshamu, aliyekuwa amekwisha kuja kwa karamu na kusimama kando ya mkeka, akasema kwa upole, "Kuonja si kuahidi, Maulana."

Sultani akamkazia macho, kisha akauliza, "Na wewe Maalim Shaame alikupa nini, hata ujifananishe na bibi harusi?"

"Alinipa nafasi iliyokuwa moja tu, Maulana. Kwa ajili yangu akamrudisha kijana mwingine, jina lake Hatibu, akaenda zake analia. Nikiketi hapa bila nia ya kubaki, nitakuwa nimemfungia Hatibu mlango wa pili, nafasi ya chuo chako."

Sultani akaona haya, akatazama chini. Kisha akaifuta ile mbiu, akawarudisha wazee na halua zao, akaamuru punda mweupe apelekwe kwa Hatibu. "Na wewe," akamwambia Mshamu, "hutakula hata tonge?"

"Nitakula, Maulana, iwapo karamu hii sasa ni ya kuniaga."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, akasema ndiyo, ni ya kumuaga. Basi Mshamu akaketi, akala hata wapishi wakatoka jikoni kuja kumtazama.