Nusu Saa ya Mwalimu Mlingoti

Wahenga waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, walimaanisha kuwa mwenye haja ya kitu kilicho pagumu hana budi kuyakubali masharti yake, hata yakimshusha hadhi. Hawakutuachia neno lolote kuhusu mtu ambaye akiinama huvunjika. Mtu wa namna hiyo alikuwapo, tena alikuwa mwalimu.

Kwa miaka thelathini na mitano wanafunzi walimwita Mwalimu Mlingoti. Alikuwa mrefu, na kila mchelewaji alimsimamisha chini ya mlingoti wa bendera nusu saa kamili, wima kama mshumaa, bila kuegemea wala kukohoa. Husemwa kwamba hata jogoo wa jirani, akichelewa kuwika, alikwenda mwenyewe kusimama pale.

Lakini ujana ni moshi, ukienda haurudi. Baada ya kustaafu alianza kupungua kama kipande cha sabuni. Pazia alilolifikia kwa mkono, sasa alilifikia kwa kigoda. Siku moja alipiga chafya jikoni, chafya ya kawaida isiyo na makuu, ubavu ukalia ka! Daktari alimpima, akamwambia mifupa imekuwa myepesi, ina matundu kama sifongo. Akamwandikia kidonge, kimoja kwa wiki.

"Mwaka jana kiganja, sasa ubavu," binti yake alisema. "Mama, ukivunjika tena nakuhamishia kwangu. Nyumba hii ina ngazi kumi na nne."

"Nimezihesabu kabla hujazaliwa."

Mwalimu alikuwa amechoka. Alichoka kupimwa, kuulizwa, kushikwa mkono kama yai. Haja yake ilibaki moja: kuishi kwake, na ufunguo wa mlango wake uwe mfukoni mwake mwenyewe.

Basi kila Jumamosi alfajiri alikishusha kidonge kwa chai ya moto, kisha akajirudisha kitandani. Karatasi ya maelekezo aliikunja, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Wiki ya tatu kifua kiliwaka. Kumeza mate kukawa kama kumeza kaa la moto. Kwa hasira akalitupa boksi mvunguni, akaenda duka la dawa.

"Dawa yenu ni sumu!"

"Shikamoo, Mwalimu," alijibu mfamasia, mwanamume mwenye kipara.

"Marahaba. Ni sumu."

"Unaimezaje?"

"Kwa mdomo. Ulitaka niimeze kwa sikio?"

"Na nini?"

"Chai."

"Halafu?"

Mwalimu akageuka kutazama rafu za dawa.

"Halafu, Mwalimu?"

"Halafu najinyoosha kidogo. Nimechoka, mwanangu!"

Mfamasia akavua miwani. "Ukikilalia kidonge, kinarudi kooni na kuchoma. Chai nayo inakizuia kuingia mwilini. Usimeze kingine kwanza. Nenda kwa daktari leo hii aliangalie koo. Akikuruhusu kuendelea, umeze asubuhi, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Kisha usile, usiiname, usilale. Ukisahau siku yako, meza kimoja kesho yake asubuhi. Viwili kwa siku moja, hapana."

"Nisilale mpaka lini?"

Mfamasia alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. "Nusu saa, Mwalimu. Wima."

Kipara kilikuwa kimempotosha Mwalimu, lakini kicheko kile alikijua. "Kobe! Ni wewe?"

"Ndiye mimi. Mlingotini nilisimama mihula tisa."

"Kwa hiyo unalipiza."

"Masharti si yangu, yako kwenye karatasi. Si wewe uliyetuambia kila mtihani, 'Someni maelekezo kwanza'?"

Mwalimu aliukumbuka mguu wa meza, akashika njia ya kwa daktari.

Daktari alimsimamishia dawa mpaka koo likapona, ndipo akamruhusu kuanza tena. Sasa boksi lilikuwa mvunguni, na kwa mifupa ile daktari alimkataza kuinama. Siku nzima alikizunguka kitanda. Jioni, kwa sauti ndogo, akamwita binti yake.

"Kuna boksi mvunguni. Nitolee."

"Limefikaje huko?"

"Nililitupa."

 Binti akapiga magoti, akalitoa na vumbi lake, akampa bila neno. Mwalimu aliona afadhali angetukanwa.

Jumamosi ya kwanza Kobe alipita chini ya dirisha akienda kufungua duka. "Mwalimu, kaa kitini! Kukaa wima kunaruhusiwa!"

"Wewe niliwahi kukuruhusu kukaa?"

"Hata siku moja."

"Basi pita!"

Akasimama. Miguu iliuma, kitanda kilimwita kwa jina. Ili muda usogee aliita rejista za zamani, darasa baada ya darasa, na kila aliyewahi kusimamishwa naye alimwambia, "Samahani, mwanangu." Rejista zilikuwa ndefu. Zilimtosha Jumamosi za miaka miwili.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Mwalimu aliteleza kwenye ngazi ya mwisho, akakaa kitako, pu! Binti, aliyekuwa nyuma yake na beseni la nguo, alipiga yowe. Hospitalini walimpiga picha, daktari akaigeuza huku na huku. "Nyama zimevilia. Mfupa mzima."

Waliporudi, binti alinyoosha mkono ili amfungulie mlango. Mama alimsogeza kwa kiwiko, akautoa ufunguo mfukoni, akafungua mwenyewe. Alitamani kulala mpaka jua lizame. Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, akaiweka glasi tayari kando ya dirisha. Huyu masharti yake yalikuwa kusimama, na alisimama. Kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.