Muuza Viti Asiyeketi

Wahenga walikuwa watu wakali wa ulimi. Pale sisi tunapotafuta shuka la kufunika jambo, wao walilifunua. Walisema: mficha uchi hazai. Maana yake haihitaji kamusi. Anayemficha mkunga mwili wake asitarajie kumpakata mtoto, na anayeficha shida yake kwa wale wawezao kumsaidia asitarajie msaada. Methali hii iko midomoni mwa kila mtu, hata mwa wale waliofunga vifua vyao kwa kufuli na kumeza ufunguo. Mmoja wao alikuwa muuzaji katika duka la samani, na Kufuli ndilo jina walilompa wenzake.

Duka lenyewe lilikuwa kubwa, lenye kuta za vioo. Ndani mlipangwa vyumba visivyo na wenyewe: sebule zisizo na wageni, vitanda visivyojua usingizi, meza za kulia zenye matunda ya plastiki yaliyokuwa yakipanguswa vumbi kila asubuhi. Viti vilikuwa tele, vya ngozi na vya kitambaa, vya kuzunguka na vya kubembea. Lakini nyuma ya mlango wa wafanyakazi palibandikwa sheria moja kwa herufi kubwa: KITI NI CHA MTEJA. Tangu duka linapofunguliwa hadi linapofungwa, muuzaji alisimama kama nguzo na kutabasamu kama picha.

Kufuli alikuwa amesimama hivyo tangu mwanawe wa kwanza alipokuwa akitambaa, na sasa mwana huyo alikuwa ananyoa ndevu. Hakuna aliyemshinda kukisifu kiti. "Keti, mama, keti kwanza. Usikie mgongo unavyopumua," angemwambia mteja, huku mgongo wake mwenyewe ukikosa pumzi. Wateja walizama kwenye sofa, wakafumba macho, wakasema "ah!" Ile "ah!" ilimchoma Kufuli kila mara kama sindano. Ni neno ambalo yeye hakuwa amelisema kwa miaka.

Tatizo lilikuwa miguu. Chini ya magoti mishipa ilikuwa imevimba na kujisokota kama mizizi iliyokosa udongo, na juu ya kifundo cha mguu ngozi ilianza kuwa nyeusi na kuwasha. Alinunua soksi ndefu, akazivaa kazini, akazivaa nyumbani, hatimaye akazivaa hata kitandani.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "joto lote hili na soksi mpaka kitandani? Unamwogopa nani, mimi au mbu?"

"Nasikia baridi."

"Hata jiko linatoka jasho humu ndani! Kama kuna mwanamke mwingine, mwambie basi akununulie mpya. Hizo zimetoboka."

"Niko sawa, mama watoto. Lala."

Niko sawa. Hayo ndiyo maneno aliyomjibu kila mtu, kama askari anayetoa neno la siri langoni.

Siku moja ya mapumziko aliaga kwamba anakwenda kunyoa, akaenda zahanati. Daktari alibonyeza ile ngozi nyeusi, akatikisa kichwa. "Kaka, mishipa hii imechoka kuipandisha damu. Tafuta kazi ya kukaa. Ukiendelea kusimama hivi, hapa patapasuka, na kidonda cha namna hii kikifunguka hakifungi upesi. Nimewahi kuona mguu mzima ukiondoka kwa sababu ya kidonda kama hicho."

Alirudi nyumbani na nywele zile zile. Mkewe akamzunguka, akamkagua kisogo. "Huyo kinyozi kakunyoa nini leo? Mawazo?" Kufuli akacheka kicheko kikavu, akaingia ndani. Angeweza kusema pale pale. Hakusema. Alikumbuka mpakiaji mmoja wa stoo aliyelalamika kuhusu mgongo wake mbele ya meneja, na baada ya muda mfupi hakuonekana tena. Watu walinong'ona kwamba amefukuzwa. Kufuli hakuutafuta ukweli wa habari ile. Aliubeba uvumi ule na kuufanya ngao yake.

Ndipo alipojiandikisha kwenye tovuti ya ajira, kwa siri, akiwa chooni kazini, simu mkononi na sikio mlangoni. Tovuti iliuliza jina. Akafikiri: je, meneja akipita huku akaliona? Akaandika "Mtu Mwaminifu." Iliomba picha. Akaweka picha ya taa ya mezani. Iliuliza anafanya kazi wapi. Akaandika "sehemu fulani, nauza samani." Iliomba mtu anayeweza kumdhamini. Akaandika "atatajwa baadaye." Basi kila asubuhi, akiwa bado anafunga vifungo vya shati, simu ilimletea ujumbe ule ule: wasifu wako haujatazamwa na mtu yeyote. Ungemwona, ungedhani anasikitika. Nusu ya moyo wake ilishukuru. Aliogopa kuonekana kuliko alivyotaka kuajiriwa.

Upande wa vitanda alikuwapo muuzaji mwenzake waliyemwita Redio, kwa sababu hakuzimika. Redio alilia wazi mchana kweupe. "Jamani, magoti yangu yanalia kama bawaba kavu! Anayejua kazi ya kukaa aniambie. Hata ya kuhesabu nzi, nitahesabu!" Tena alisema hivyo meneja akipita, na meneja, mama mmoja mnene mwenye viatu vya kisigino, aliishia kutabasamu.

"Utafukuzwa wewe," Kufuli alimnong'oneza.

"Nifukuzwe kwa kuwa na magoti? Na wewe je, huchoki, bwana Kufuli?"

"Niko sawa."

"Haya. Jiwe halichoki, lakini haliendi popote vilevile."

Hatimaye, baada ya kusubiri mpaka kusubiri kwenyewe kukachoka, tovuti ilileta ujumbe wa kweli. Kiwanda kimoja cha samani kilitaka mtu anayejua viti na makabati, wa kuketi mezani na kupokea maagizo ya wateja kwa simu. Hawakujitaja ni kiwanda gani, naye hakuuliza, maana anayeficha lake huogopa kuuliza la mwenzake. Walitaka kuzungumza naye kwa simu ya video, mchana. Kuomba ruhusa kungezua maswali. Chooni kulikuwa na foleni, na stoo kulikuwa na wapakiaji. Kufuli akatazama huku na huko, akaliona kabati la milango mitatu lililokuwa katika chumba cha maonyesho. Saa ya meneja kula ilipofika, akajitia ndani, akavuta mlango, akainama katikati ya vining'inizo vya nguo.

Kwenye simu walitokea mama mmoja na mwanamume mmoja.

"Habari za mchana, ndugu... Mtu Mwaminifu?"

"Nzuri," akanong'ona.

"Mbona tunaona kidevu tu? Uko wapi?"

"Nyumbani. Umeme umekatika."

"Mchana huu?" mwanamume akauliza. "Na madirisha nayo yamekatika?"

Yule mama akamwonea huruma, akaendelea. "Haya. Unafanya kazi wapi kwa sasa?"

"Duka moja."

"Duka gani?"

"La kawaida tu."

"Tunaweza kuzungumza na meneja wako?"

"Hapana! Yaani... tafadhali, mama, hapana."

"Sawa. Basi tuambie, kwa nini unataka kuacha kazi uliyo nayo?"

Hapo ndipo mlango wa riziki ulipofunguka. Jibu lilikuwa chini yake, ndani ya soksi, likipwita. Angesema tu: miguu yangu inakufa. Lakini ulimi uliozoea kufungwa haufunguki kwa kubishiwa hodi mara moja. "Natafuta changamoto mpya," akajibu, maneno aliyoyaokota mtandaoni, yasiyo na harufu wala ladha.

Kabla hajaulizwa jingine, mlango wa kabati ukavutwa. Mwanga ukamwagika. Bibi mmoja aliyekuja na binti yake kuchagua samani aliruka nyuma, mkono kifuani. "Mungu wangu!" Kisha akachungulia vizuri, akamtazama Kufuli kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mwanangu, hili kabati linauzwa na mtu wake?"

"Nakagua bawaba, mama."

Simuni ile sauti ya kiume ikasema taratibu, "Ndugu Mtu Mwaminifu, naona umeme umerudi. Tutakutafuta." Kioo kikawa cheusi.

Redio alicheka mpaka akashika ubavu wa kitanda, na kabla ya jioni duka zima, pamoja na meneja, lilikuwa limesikia habari ya bawaba zilizokaguliwa kutoka ndani. Kufuli hakucheka. Alirudi kwenye sofa zake, akasimama.

Hakuna aliyemtafuta. Mwezi uliisha, ngozi ya mguu ikazidi kuwasha, na asubuhi moja akaona soksi ya kushoto ina doa la majimaji. Siku hiyo hiyo Redio aliingia akiimba, akiwakumbatia watu wote hadi mlinzi. Amepata kazi. Ya kukaa. Katika kiwanda kilichotengeneza makabati ya milango mitatu.

Mchana duka lilipopoa, meneja alimfuata Kufuli kwenye sebule ya maonyesho. "Kaka, Redio anaondoka. Utashika na upande wa vitanda mpaka tupate mtu mwingine. Wewe ndiye ninayekutegemea, maana hulalamiki."

Kufuli alitazama kule vitandani. Ulikuwa mwendo wa kwenda na kurudi siku nzima, ngazi katikati. "Redio aliipataje kazi ile?" akauliza, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

"Kiwanda kilinipigia. Walitaka mtu wa dukani anayejua samani. Walikuwa wameshatafuta mtandaoni, wakakutana na kituko, mtu anajiita Mtu Mwaminifu, kakaa gizani kama mwizi, hataji jina wala duka. Wakaogopa. Wakasema, mama, tupe mtu unayemjua." Meneja akashusha pumzi. "Sikufichi, aliyenijia kwanza akilini ni wewe. Kisha nikajiuliza, huyu ana shida gani hapa? Sijawahi kumsikia akisema amechoka. Mwenzake analia magoti kila siku. Nikaona kumhamisha aliyetulia na kumwacha anayeumia ni dhuluma."

Kilio cha mle ndani, hakisikiki jirani. Kufuli alihisi kitu kikiachia kifuani, si kwa hasira, bali kwa uchovu, kama kamba ya mzigo inavyokatika yenyewe.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mtu Mwaminifu. Ni mimi."

Meneja alimtazama, akaligeukia kabati, akamtazama tena. Kicheko kilimpanda hadi kooni, lakini kilikufa pale, kwa sababu Kufuli alikuwa ameinama. Alikuwa akikunja suruali. Alishusha ile soksi ya kushoto pole pole, maana ilikuwa imegandamana na ngozi, na mguu wake ukatoka mwangani, mweusi, umevimba, na palipopasuka pakimetameta majimaji.

"Ooh, kaka yangu," meneja akasema. "Tangu lini?"

"Zamani. Niliogopa. Yule mpakiaji wa mgongo alisema, mkamfukuza."

"Nani alimfukuza? Yupo kiwandani kule, analinda lango, ameketi kibandani. Mimi ndiye niliyemwombea!" Alipaza sauti, kisha akaishusha. "Ile kazi imeshakwenda, unajua. Redio ametia saini jana. Siwezi kuirudisha."

"Najua."

Meneja akakishika kiti cha ngozi kilichokuwa karibu, akang'oa kadi ya bei, akamsogezea. "Keti."

"Kiti ni cha mteja, mama."

"Sheria hiyo ni ya mwenye duka. Kila siku naiona kuwa mbaya, na kila siku nanyamaza. Kesho nitamwambia. Keti, nimesema! Kisha uende hospitali, na ukitoka huko mwambie mkeo. Au naye anadhani uko sawa?"

Kufuli aliketi. Alijishusha kidogo kidogo kama mtu anayeingia maji asiyoyajua kina, na mgongo ulipogusa ngozi ile aliyoisifu miaka yote, neno likamtoka bila ruhusa yake. "Ah!"

Meneja naye akavuta kiti cha pili, akavua viatu vyake vya kisigino, akavitupa zuliani. "Hivi navyo vinaniua," akasema, akianza kusugua vidole. Wakakaa hivyo, watu wawili waliochoka, mbele ya televisheni ya karatasi iliyowekwa kupamba sebule ile.

Mteja mmoja akaingia, akazunguka sofa, akasimama mbele yao akishangaa. "Samahani, kiti hicho kinauzwa?"

Kufuli hakuinuka. "Kinauzwa, dada," akajibu, mguu wake ukiwa wazi mbele ya watu. "Lakini subiri kidogo. Kina mtu."

Kazi ya kuketi ilikuwa imemfikia hadi ndani ya kabati, ikamwita kwa jina alilojipachika, ikaondoka na mwenzake aliyelia hadharani. Kilichobaki ni mguu wa kutibiwa na miaka isiyorudi. Hakika, waliosema walisema kweli: mficha uchi hazai.