Redio ya Baba Atupele

Wapendwa, leo sina mengi. Nina redio moja tu. Ninyi vijana wa simu mtanivumilia kidogo.

Palikuwa na bwana mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha chai, huko kwenye baridi. Umeme ulipofika mtaani kwao, akajifanya fundi. Akachimba ukuta wa sebule kwa patasi na nyundo, akapitisha waya, akaweka soketi kwenye kona na swichi karibu na mlango. Swichi ile haikuwasha taa. Ukiibonyeza, umeme unaenda kwenye soketi, na pale kwenye soketi imechomekwa redio kubwa ya mbao. Alipoziba kwa saruji, ukuta ukabaki na nundu kutoka mlangoni mpaka kwenye kona. Mkewe akamcheka: "Baba Atupele, ndiyo nini sasa? Ukuta una mimba!" Naye akajibu, "Wewe subiri tu uone utakachozaa."

Mnacheka, eeh? Basi kila jioni bwana yule akirudi, hata koti hajavua, anabonyeza swichi. Redio inaanza kuimba. Watoto walioko jikoni wanajua baba kaingia, wanakuja mbio. Wanaimba na redio, wanakula ndizi zao, wanasali, wanalala. Jamani, mnazikumbuka nyumba za namna hiyo? Mimi nazikumbuka, na nikizikumbuka moyo unaniuma.

Watoto wakakua, wakatawanyika. Halafu bwana yule akafariki.

Tangu msiba ule, redio haikutoa hata mkwaruzo. Mama akizungusha kitufe, kimya. Akasema, "Imemfuata mwenyewe." Akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaiacha. Miaka minne! Haimbi tena, hamwiti jirani kusali naye, anakula peke yake na kuingia kulala. Watoto wakataka kumnunulia redio nyingine, akakataa katakata.

Siku moja bintiye Atupele akapiga simu. "Mama, Pasaka nakuja na wajukuu zako. Nataka waijue nyumba niliyokulia. Lakini mama, nyumba yenyewe bado ipo?"

Swali lile lilimchoma. Kesho yake akaita fundi umeme.

Fundi alikuwa mwanamama mmoja asiyependa mchezo. Akaingiza testa kwenye soketi, wala haikuwaka. "Umeme haufiki hapa, mama. Waya umekatikia ndani. Tutabomoa ukuta."

Mama akaja akasimama mbele ya ile nundu, mikono ameitandaza. "Hii ni kazi ya mikono yake. Sina nyingine. Usiiguse!" Akaanza kulia.

Fundi akaweka nyundo chini. Akaifuata nundu kwa kiganja, polepole, mpaka ikaingia nyuma ya kabati la vyombo. "Mama, nishikie upande huo tusogeze."

Nyuma ya kabati palikuwa na swichi, imejaa utando wa buibui. Fundi akaibonyeza. Loo! Kwaya ikalipuka nyumba nzima, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Nani aliizima hii?" fundi akauliza.

Mama alikuwa ameshakaa chini, ameziba mdomo kwa khanga. "Ni mimi," akasema. "Siku mwili ulipoletwa, wifi yangu alisema nyumba ina msiba, redio izimwe. Nikainuka mwenyewe nikaizima. Vyombo vyote vilikuwa vimetolewa nje ili watu wapate pa kukaa. Waliovirudisha baada ya matanga wakaweka kabati hapo. Akili yangu haikuwepo. Nikasahau kabisa."

Mtasema mama yule alikosea? Kuzima hakukosea. Nani anapiga redio wakati mwili uko sebuleni? Kosa lake ni la baadaye. Alidhani kimya kile kimetoka kwa marehemu, kumbe kilitoka mkononi mwake, na umeme ulikuwepo siku zote.

Na sisi je? Ulizika mtoto, ukaacha sala ya familia. Kulia ilikuwa haki yako, hakuna anayekulaumu hapa. Lakini mwaka ukapita, ukasogeza na kabati: kazi, shamba, vikao visivyoisha. Leo unakuja ofisini kwangu unaniambia, "Mchungaji, Mungu amenyamaza." Amenyamaza, au ulizima?

Msinitazame hivyo, hata mimi sijapona. Tangu nimzike mdogo wangu mwaka juzi, sijaimba humu ndani. Nafungua mdomo tu. Mnaona midomo inacheza, mnadhani mchungaji anaimba. Nimekuwa nikijiambia kwamba sauti yangu ameondoka nayo. Uongo! Niliizima mwenyewe, pale pale kaburini. Mwalimu wa kwaya, nianzishie ule wimbo alioupenda. Leo naimba.