Siku Nahodha Lali Alipomvusha Tima

Nanga ishikayo ndiyo ivutayo.

Mmeisikia asubuhi hii pale barabarani, Bi Zuhura alipomwambia mwanawe akipanda basi kwenda chuoni, nanyi mkacheka mkauliza tangu lini nanga ikavuta kitu. Swali si baya. Kazi ya nanga kila mtu anaijua, ni kushika. Basi wekeni simu kando, mchambue mchele huu huku mkisikiliza, kwa maana methali hii ilizaliwa juu ya fungu la mchanga, na mwanzo wake ni huu.

Kijiji cha Mtondooni, huko visiwani, kilikuwa na nahodha akiitwa Lali. Alikuwa na mashua moja na binti mmoja, Tima. Watu walikuwa wakimtania kwamba hawajui anapenda kipi zaidi, mpaka siku mashua ilipopasuka ubao na mtoto akashikwa na homa siku hiyohiyo. Mashua ilikaa pwani ikinywa maji juma zima, na Lali hakwenda hata kuitazama.

Mke wake alikuwa amefariki Tima akiwa bado ananyonya. Ndugu wa mke walikuja kumtaka mtoto wakamlee, kwa kuwa mwanamume wa baharini, walisema, atalea nini. Lali aliwakaribisha kahawa, wakanywa wakashukuru, wakaenda zao mikono mitupu. Mtoto akakulia mashuani. Alijua kusoma rangi ya maji kabla hajajua kusuka ukili wa mkeka, na kila Lali aliporudi safari aliyokwenda peke yake, alisimama mlangoni na kusema, "Nimerudi," naye Tima humwitikia kutoka jikoni. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao, na yaliwatosha.

Tima akaposwa na Shekuwe, fundi wa kuchonga milango kutoka Kitangani, ng'ambo ya maji. Harusi ikafanyika Mtondooni kama ada, bwana harusi akaingia nyumbani kwa mke, fungate ikaisha kwa heri. Desturi ya huko mume huhamia kwa mke, na Lali alikuwa ameshaongeza chumba na kukipaka chokaa. Lakini mama yake Shekuwe alikuwa amepooza upande mmoja, naye hakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani ila mwanawe huyo. Alimruhusu aende kuoa, akabaki na jirani. Tima mwenyewe ndiye aliyesema, "Tutakwenda kwa mama." Lali akasema ni sawa. Alisema ni sawa mara nyingi siku zile, na mtu akisema hivyo mara nyingi, mjue si sawa.

Kwa ada, bibi harusi akihamishwa hupelekwa na mashangazi zake. Baba hubaki nyumbani akijifanya ana kazi. Lali alikataa. Alisema mashua ni yake, bahari anaijua yeye, na mashangazi watatapika njia nzima. Mashangazi walinuna, lakini la kutapika lilikuwa kweli, kwa hiyo wakakaa.

Hori ya Kitangani, ule mkono wa bahari uingiao kijijini, haiingiliki na chombo ila maji ya bamvua yakijaa, pale bahari inapopanda kuliko siku zote. Siku ile bamvua lilikuwa limefika mwisho wake. Kesho yake maji yangeanza kupungua, na mashua isingeingia tena mpaka nusu mwezi ipite. Ilifaa waondoke adhuhuri tu wakimaliza kuswali. Lali akakuta kinu cha bibi harusi kimewekwa vibaya mashuani. Akakipeleka mbele, akakirudisha nyuma, akakipeleka mbele tena. Akakumbuka mkeka ulioachwa nyumbani, akaufuata. Akarudi bila mkeka. Shekuwe alisimama kando ameshika sanduku la mkewe, asiweze kumharakisha mkwewe. Walipotweka tanga, na kihori, mtumbwi wao mdogo, kikikokotwa nyuma, maji yalikuwa yameshajaa sana.

Ili kufidia wakati uliopotea, Lali akakata njia juu ya lile fungu la mchanga lililo katikati ya maji. Si kwamba hakulijua. Kila nahodha wa Mtondooni alijua kwamba pale hupita chombo kitupu, na mashua ilikuwa imebeba kitanda, sanduku, kinu, magunia na watu watatu. Mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ukakwaruza mchanga, ukakwaruza tena kwa muda mrefu zaidi, kisha mashua ikasimama. Shekuwe akaangukia kinu. Tanga likakunjwa.

Lali akaichukua nanga, akaitupa hapohapo ubavuni. Maji yalikuwa ya magotini, na nanga ikaonekana wazi imelala juu ya mchanga.

"Maji yakitoka tutashuka," alisema bila kumtazama mtu. "Kutoka hapa hadi Mtondooni ni kutembea tu. Mtakaa kwangu mpaka bamvua jingine."

"Na mama, baba?" aliuliza Shekuwe.

"Jirani yupo."

"Ndiyo, baba," alisema Shekuwe, akageuka akatazama upande wa Kitangani. Kijana alikuwa na adabu, na adabu yake ilimchoma Lali kuliko ugomvi. Kwa maana Lali alikuwa na furaha. Ilimjia mara mashua iliposimama, ikamjaa kifuani, naye akaionea haya palepale, ila hakuweza kuifukuza. Nusu mwezi mzima kutakuwa na mtu jikoni.

Tima alikuwa anaitazama nanga. Akaja akakaa karibu na baba yake.

"Nilipokuwa mdogo tulikwama hapa," alisema.

"Tulikwama mahali pengi."

"Ni hapahapa. Tulikuwa tumepakia chokaa. Nikalia, nikidhani tutakaa baharini siku zote. Ukanikalisha pale mbele, ukaniambia ninyamaze nitazame. Ukatia nanga kwenye kihori, ukaipeleka mbali kwenye kina, ukarudi ukavuta kamba, na sisi tukaifuata nanga."

Lali alikuwa anafunga fundo lililokwisha kufungwa. "Chokaa ilikuwa nyepesi."

"Chokaa si nyepesi, baba."

Lali akalikaza fundo lile.

"Umesahau, au umechoka?"

"Sijasahau," alisema. Akaliacha lile fundo. "Nyumba ni kubwa, Tima. Nikirudi, sijui nitamwambia nani kwamba nimerudi."

Machozi yakamlenga Tima. Akamshika baba yake mkono, ule mkono mgumu uliokuwa ukimsuka nywele vibaya akiwa mdogo. Alimpenda kuliko alivyoweza kusema, naye alijua kwamba akisema tu, "Basi turudi," baba atashukuru.

"Mama yake Shekuwe ana mtoto mmoja, kama wewe," alisema mwishowe. "Akamtoa aje kwako, naye hawezi hata kujigeuza. Baba, ungekuwa wewe ndiye uliyelala pale?"

Lali akatazama maji. Jani la mkoko lililokuwa likielea kuelekea bara lilikuwa limetulia mahali pamoja, haliji wala haliendi. Maji yalikuwa yamesimama. Yakishaanza kutoka, hata watu wa kijiji kizima wasingeitoa mashua pale.

Akainuka. Akaivuta nanga juu, akaitia ndani ya kile kihori walichokuwa wakikikokota nyuma, akamkabidhi Tima amari, yaani ile kamba nene ya nanga. "Iachie polepole," alisema. "Isikaze."

Kina cha karibu kilikuwa nyuma yao, upande walikotoka. Mashua ingetoka kwa urahisi kwa njia hiyo, lakini mpaka walizunguke fungu, hori ya Kitangani ingekuwa imekauka, na pasingekuwa na la kufanya ila kurudi nyumbani, wala mtu asingemlaumu. Lali akaingia kihorini, akapiga kafi kuelekea huko. Shekuwe akafungua mdomo aseme, Tima akamgusa mkono. Akaendelea kuiachia amari polepole kama alivyoambiwa, bila kumwita baba yake.

Kihori kilikwenda kidogo, kikasimama. Lali alikaa ndani yake ameipa mgongo mashua, na kafi limelala magotini. Kisha akageuza. Akaizunguka mashua karibu sana, akampita Tima bila kuinua uso, akaenda mbele, hata rangi ya maji ikabadilika ikawa nzito, na huko, kwenye mkondo wa Kitangani, akaitosa nanga. Wakati wa kurudi alilia. Hakujizuia, kwa kuwa alikuwa peke yake, na uso wa mtu wa baharini hauulizwi kwa nini una maji ya chumvi.

Alipopanda mashuani alikuwa nahodha tena. "Shekuwe, magunia yote upande huu. Na kinu. Kisha ning'inia kwenye foromali, chombo kilale ubavu, mkuku uinuke mchangani."

Fundi wa milango hakuwahi kuning'inia kwenye mti wa tanga maishani mwake, lakini alining'inia, miguu ikicheza juu ya maji, kilemba cha harusi kikaenda na bahari. Tima akacheka huku analia. Baba na mwana wakaishika amari, Tima mbele, baba nyuma yake, wakavuta.

Nanga ikaburutika mchangani. Wakavuta tena, ikaburutika kidogo, kisha ikauma chini, na kamba ikakaza mpaka ikakamua maji. Mashua haikwenda. Lali akasikia mikono ya binti yake ikivuta mbele ya mikono yake. Kila pima ya kamba itakayoingia hapa, aliwaza, ni pima ya kumtoa kwangu. Alilijua hilo vizuri, na akavuta kuliko alivyowahi kuvuta kitu chochote.

Mashua ikakwaruza. Ikasogea kidogo, ikatulia, ikasogea tena, halafu ikateleza yote kwa mara moja, nao wakaangukiana sakafuni huku maji ya kina yakipiga chini yao.

Shekuwe alishuka ameloa, viganja vimechubuka. Akamsaidia mkwewe kuing'oa nanga na kuipandisha. "Baba," alisema, "mimi siku zote nilidhani nanga ni ya kuzuia."

"Nanga ishikayo ndiyo ivutayo, mwanangu," alisema Lali. "Isiyoshika ingevuta nini? Ni wewe tu uangalie unaitupa wapi."

Waliingia hori ya Kitangani maji yakiwa yameanza kutoka. Mama yake Shekuwe alikuwa amelala ameelekea mlango. Alimpapasa Tima uso kwa mkono wake mmoja mzima, taratibu, kisha akauliza ni nani aliyemleta. Wakamwambia ni baba yake mwenyewe. Mama alijua ada, na alijua pia ni nini kumtoa mtoto pekee.

"Mwambieni asiwe mgeni," alisema. "Bamvua likija, naye aje."

Lali akawa anakwenda. Kila bamvua likijaa mashua yake ilionekana ikiingia horini, naye hutia nanga, hupanda na samaki wake mkononi hadi mlango aliouchonga Shekuwe, husimama hapo na kusema, "Nimerudi." Na Tima humwitikia kutoka jikoni.

Sasa leo mlimwona Bi Zuhura akibeba sanduku la mwanawe kichwani mpaka stendi, wakati kijana ana mabega kama mlango. Mkamwona amesimama barabarani hata vumbi la basi likatulia. Mlicheka, si neno, ninyi ni watoto. Huo mchele ukiiva, mmoja wenu ampelekee sahani, akae naye kidogo, asile peke yake. Akiwaambia tena kwamba nanga ishikayo ndiyo ivutayo, mwitikieni.