Maji Yalipoomba Njia

Neno tumeshalisikia, wapendwa, na najua bati hapo juu limeanza kupata moto na wengine mawazo yenu yako kwenye sufuria nyumbani. Nivumilieni kidogo. Nataka niwapeleke kwenye mlima mmoja, na msiniulize uko wilaya gani.

Mlima huo ulikuwa shamba la mahindi. Wenye shamba walipozeeka wakalikata viwanja, na mji uliokuwa bondeni ukaanza kupanda taratibu, nyumba moja leo, nyingine mwezi ujao. Asubuhi ukungu ulishuka hadi madirishani. Ukisimama chini barabarani uliona mabati mapya yanaelea juu ya ukungu, hayana kuta, hayana watu. Waliokuwa bondeni walisema, wale wa kule juu wanaishi ndotoni.

Kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa, mpima ardhi alikuwa amepita akaacha ukanda wa majani kutoka chini hadi kileleni, akasimika bikoni, yale mawe ya mipaka, pande zote mbili. Akawaambia walionunua viwanja, hapa msijenge, hapa ndipo barabara na maji yenu vitapita. Wakamwitikia vizuri sana. Lakini ninyi mnatujua tulivyo. Kitu kisicho na mwenyewe kina wenyewe wengi. Mmoja akasogeza uzio kidogo apate pa kufugia kuku. Mwingine akaweka jiko la nje. Ukimuuliza mbona umeingia njiani, anakujibu kwa upole kabisa kwamba njia itapita kwa jirani, kwa jirani bado kuna nafasi. Na jirani naye akiulizwa alisema hivyo hivyo.

Katikati ya mlima walikaa fundi seremala mmoja na mkewe. Bwana huyu alikuwa mtu wa ndoto. Wakati wa uchumba alimwahidi binti wa watu jambo moja tu: nikikujengea nyumba, maji utayakuta ndani. Huyo mama alikuwa amebeba ndoo tangu utotoni, kwa hiyo ahadi ile ilimtosha kuliko pete. Nyumba ikajengwa. Mabomba yakalazwa ukutani, koki zikafungwa, ya jikoni, ya bafuni, hata moja ya nje ya kumwagilia maua. Tatizo ni kwamba mlima mzima haukuwa umefikiwa na maji. Koki zilikuwepo, maji hayakuwepo.

Na watu hao walikuwa na desturi yao. Nyumba ikiisha, mchungaji anaitwa kuibariki. Akishaomba sebuleni na vyumbani, anaingia jikoni anafungua koki. Inatoka hewa, fyuu, na wote wanasema Amina. Kisha mwenye nyumba anamimina ndoo ya maji kwenye sinki, ili baraka isiondoke mikono mitupu. Mnacheka? Hata wao walicheka. Lakini waliamini. Yule mama alizipangusa koki zake kila asubuhi kwa kitambaa cheupe, halafu anatia kata kichwani na kushuka kijitoni.

Sasa fundi alipenda kupumzika. Akajenga kibaraza mbele ya nyumba, nguzo zake akazichonga mwenyewe maua na ndege, kitu cha kupendeza kweli. Kakijenga wapi? Mnajua wapi. Juu ya ule ukanda wa majani. Mchana alijinyoosha pale kwenye benchi, upepo unampuliza, na usingizi ukimchukua alikuwa anaota ndoto ileile. Maji yanapanda mlima polepole, yanaingia ukutani, yananong'ona nyuma ya kichwa chake, na mkewe yuko jikoni anaimba, mikono imelowa hadi viwikoni. Akiamka bado anatabasamu, na mkewe ndiyo kwanza anapandisha mlima na ndoo.

Ukafika mwaka mgongo wa yule mama ukakataa. Hospitali wakamwambia wazi asijitwishe tena kitu kizito, akiendelea miguu itakufa ganzi na huenda isiamke. Mumewe alilia, jamani, alilia kweli. Siku alizokuwepo nyumbani alichota yeye. Lakini kazi za mjini zilimweka mbali siku nyingi, na nyumba haiishi bila maji. Basi wakaomba. Mlima mzima ukafunga na kuomba, Bwana tuletee maji.

Na maji yakaja. Watu wa maji walifika na bomba kubwa kutoka bondeni, na mhandisi wao, dada mmoja mpole, akaanza kufuata zile bikoni. Wa chini walinung'unika, kisha wakabomoa. Banda la kuku likaondoka, jiko likahamishwa nyuma. Mtaro ukapanda, ukapanda, hadi ukasimama kwenye kibaraza cha fundi, naye yuko benchi.

"Shikamoo baba," mhandisi akasema. "Bomba linatakiwa lipite hapa ulipokaa."

"Marahaba, mwanangu. Nguzo hizi nimezichonga kwa mkono wangu. Zungusheni kwa jirani, kuna nafasi."

"Kwa jirani ni korongo, baba. Mvua moja tu, bomba limekwenda."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiuno. Akasema taratibu, "Baba Namsifu, kivunje. Mimi nitakaa hata chini."

"Mama, nyumba bila kibaraza siyo ile niliyokuahidi." Halafu akamgeukia mhandisi. "Mwanangu, nipeni muda. Acha niliombee jambo hili."

Mmesikia alichosema? Akaliombea. Aliomba kila siku, pale pale kibarazani, na akimaliza kuomba analala, na akilala anayasikia maji. Watu wa maji walirudi, wakamkuta anaomba. Wakarudi tena. Mwishowe wakakata bomba pale chini, wakaligeuza kuelekea mlima wa pili. Na wale wote waliokaa juu ya fundi, ambao hawakuwa na neno naye, wakakosa pamoja naye.

Mchana mmoja amelala pale, akasikia maji. Safari hii yalikuwa na sauti kubwa, na vigelegele juu yake. Akaamka, akaweka sikio ukutani. Ukuta kimya. Sauti ilitoka ng'ambo, mlima wa pili, maji yanafunguliwa na watu wanashangilia. Akageuka. Akamwona mkewe anapandisha mlima, ndoo kichwani, mkono mmoja umeshika uzio, mguu mmoja anauburuta. Hakukuwa na maji ndani tangu juzi, na fundi ndiyo kwanza alikuwa amerudi safari akapitiliza hadi benchi.

Mama akafika kibarazani. Hakumlaumu. Alisema tu, "Nipishe, Baba Namsifu. Maji yanapita."

Na yule bwana akasogea.

Sasa niambieni, nani aliunyima maji mlima ule? Shetani? Serikali? Mungu? Wapendwa, maombi yao yalijibiwa. Jibu lilifika hadi kwenye nguzo zake, limevaa buti na kofia ya plastiki, likamwamkia shikamoo. Ndiye aliyekuwa akiliomba, na ndiye aliyekuwa amelijengea juu. Angekaa siku moja na majirani zake kabla ya kumwaga zege, wakaulizana wanangu watapitia wapi, wako watapitia wapi, mkewe angekuwa anaimba jikoni. Sisi ni mabingwa wa kujenga kwanza na kuulizana baadaye. Halafu tukikwama tunafunga na kuomba.

Mnadhani nawasema watu wa mlima. Hapana. Jana jioni nilizunguka huko nyuma ya kanisa. Nimeona kamba ya msingi wa uzio wetu mpya. Imenyooka vizuri, mafundi hongereni. Lakini imekata katikati ya njia waliyoachiwa wenzetu wanaojenga kule juu kwenye viwanja vipya. Tukichimba kesho, barabara yao, maji yao, gari la kumbeba mgonjwa wao, vyote vitaishia kwenye ukuta wenye msalaba. Na tukiulizwa, naona wazee wa kanisa mnatazamana, jibu tunalo tayari, kwamba kwa jirani kuna nafasi.

Leo mtu asiniambie tuliombee jambo hili. Kwaya, kaeni kwanza na wimbo wenu. Wengine simameni, tutoke kwa mlango wa nyuma, tukaifungue ile kamba kwa mikono yetu. Baraka ya kufunga ibada nitaitolea huko huko, njia ikishakuwa wazi.