Kichaka Kimoja cha Milulu

Ndugu zangu, ndago mnaijua. Nani hapa hajaumia mgongo kwa ajili yake? Unaing'oa leo, mvua ikinyesha inakucheka. Basi ndago ina ndugu yake, mlulu, wa kusukia mikeka. Wote shina lao lina pembe tatu, na wakiwa wachanga hata mama yao angewachanganya. Ila mlulu hauoti popote. Unataka chemchemi yake, na kuachwa utulie.

Mwanamke mmoja aliolewa kwenye nyumba yenye chemchemi ya namna hiyo, ya mwisho yenye milulu katika bonde zima. Mkono wake wa jembe, msiseme. Mama mkwe alipougua, akawaza: ngoja nimsafishie chemchemi, afurahi. Akapalilia mpaka udongo ukabaki mtupu. Jirani akapita, akamtania, "Shoga, umepalilia au umenyoa?"

Mvua zikaja. Ndago ikarudi, tena imenenepa. Milulu haikurudi, isipokuwa kichaka kimoja nyuma ya jiwe.

Kwao mwanamke halazwi kaburini ila juu ya mkeka wa milulu, na mgonjwa alikuwa wa leo au kesho. Akaenda kitandani kwa mama mkwe, kisu mkononi.

"Mama, nimekukosea. Nilidhani yote ni ndago. Niruhusu nikate kilichobaki, nikusukie hata kipande cha kulaza kichwa."

"Kimetoa maua?"

"Bado, mama."

"Basi weka kisu, mwanangu. Mlulu haukatwi kabla haujamwaga mbegu."

"Na wewe tukulaze juu ya nini?"

"Si kuna lile jamvi lako la plastiki, la harusi? Lina tausi. Nitapendeza."

Wakamzika juu ya tausi. Watu wakanong'ona, mkwe gani huyu asiye na haya. Kulipokucha yeye alikuwa chemchemini, amepiga magoti, jembe kaliacha nyumbani, anapapasa kila jani kwa vidole kabla ya kulivuta.

Na sisi je? Ndago haihitaji huruma yetu, Mungu kaipa ukaidi wake. Vingine kaviweka mikononi mwetu. Nasi tukiambiwa kimebaki kimoja, tunakimbilia kisu, tukisema ni kwa upendo. Yule mama mkeka ulikuwa haki yake, akaiacha haki yake imee. Wewe uliyekaa hapo, ni haki yako ipi umewahi kuiacha ikamea?