Ndege Asiye na Mkia

Wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, walimaanisha kuwa kitu cha thamani hakimfuati mtu aliko. Yeye ndiye hukifuata kilipo, hata kikiwa chini. Hawakuongeza kwamba mwenye suruali iliyopigwa pasi ameruhusiwa kutumia fimbo.

Palikuwa na mchoraji mmoja wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kuchora vyumba vya watu kwa rangi za maji. Sebule zilizopambwa zikapambika, mapazia, mito iliyotariziwa, makabati ya vyombo, vyote alivitia kwenye karatasi hadi wenye nyumba wakatamani kuhamia humo. Alichora amesimama wima, amevaa suruali nyeupe ambayo mikunjo yake ya pasi ingeweza kukata nyanya. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna tone la rangi lililowahi kuigusa. Watu walimwita Pasi, na jina likamkaa. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku akianguka barabarani, atauliza kwanza kama suruali imeumia.

Wiki moja aliitwa kuchora sebule ya mjane mmoja, fundi cherehani mstaafu. Bibi huyo alikuwa anahama Jumamosi kwenda kuishi kwa binti yake, na nyumba ile ya kupanga ingerudi kwa mwenye nyumba. Binti ndiye aliyeagiza picha. Alisema mama ameishi mle miaka arobaini, na kwa kuwa chumba hakibebeki, angalau aibebe sura yake. Pasi akakubali, na Jumatano mchana kazi ikawa tayari.

Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, maana miguu yake ilikuwa imegoma kumsimamisha kwa miaka mingi. Aliipokea picha, akaitazama kwa muda mrefu, akazisifu rangi, kisha akairudisha kwa mikono miwili.

"Picha nzuri, mwanangu," alisema, "lakini hiki si chumba changu. Hiki ni chumba cha msomaji mita, anayetupa jicho amesimama akaondoka."

Pasi alihisi masikio yanawaka. Tangu aanze kazi hakuwahi kurudishiwa picha. Akasema, kwa adabu ya mtu anayeung'ata ulimi, kwamba amechora kila alichokiona. Bibi akamjibu kwamba tatizo lilikuwa hapohapo, akamkaribisha akae. Kiti kilikuwa kimoja tu, nacho kilishafungwa kamba tayari kuhamishwa. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta, ile isiyomwacha mtu bila kumpaka. Pasi akaitazama sakafu, akaitazama suruali, akasema ana haraka.

Nyumbani alilalamika tangu ananawa mikono hadi sahani zinaondolewa. Alikuwa amebakiwa na karatasi moja tu nzito, na rangi za maji hazina msamaha. Kosa halifunikwi kwa kupaka juu yake kama ukuta. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza jambo moja.

"Huyo mama hukaa wapi?"

"Chini."

"Na wewe ulisimama wapi?"

Pasi akajitia kutafuta chumvi, ingawa alikuwa ameshamaliza kula.

Alhamisi asubuhi alirudi. Akapiga magoti, nayo yakalia kama mlango usiotiwa mafuta, na mara chumba kikageuka. Mapazia aliyoyaona meupe matupu yalikuwa yametariziwa maua kuanzia usawa wa goti hadi kwenye pindo. Rafu ambayo jana aliiona kama ubao mtupu ilikuwa na vikombe vya rangi mbalimbali vimetundikwa chini yake, shubiri mbili tu kutoka sakafuni. Bibi akamweleza kwamba miguu ilipomgomea, marehemu mumewe, aliyekuwa seremala, alishusha kila kitu kikamfuata alipo. Pasi aliona aibu, akafungua kisanduku cha rangi.

"Bado," alisema bibi. "Mimi mchana hulala hapo kupumzisha mgongo. Lala."

Aliitazama suruali yake kama mtu anayemuaga ndugu, kisha akalala chali. Uvunguni mwa meza ya cherehani, iliyokuwa imejengewa ukutani na haingeweza kuhama, palikuwa na ndege saba wa buluu na manjano, wamechorwa kwa mkono usio wa mchoraji.

"Mume wangu alichoka kuniona natazama mbao tupu," bibi alisema. "Kila Ijumaa alilala hapo, akanichorea mmoja. Wa saba hana mkia. Shingo ilimuuma, akasema atamalizia kesho. Kila nikimkumbusha, kesho. Miaka kumi na mmoja. Amefariki bado ananiahidi kesho."

Alikuwa anacheka, lakini Pasi, pale chini, macho yalimjaa machozi. Alielewa sasa ni kitu gani mama huyu alikuwa anakaribia kukiacha nyuma.

Siku ile na Ijumaa nzima alichora akiwa chini, ubao wa kuchorea magotini, kikombe cha maji karibu na sikio, shavu likigusa sakafu kila alipotaka kuwaona ndege vizuri. Alipofika kwa yule wa saba, mkono ulimwasha. Mkia ulikuwa wa kugusa mara mbili tu. Aliinua brashi, akaishikilia hewani, kisha akaisuuza.

Jumamosi, gari likiwa mlangoni, mjane alipewa picha. Hakutazama mapazia wala vikombe. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye uvungu wa meza uliochorwa, kikaanza kuhesabu ndege, na kwenye saba kikatulia.

"Hana," alisema, akaikumbatia picha kifuani. "Vizuri. Kesho nitamkumbusha tena."

Pasi alirudi kwake akiwa mwekundu magotini, mgongoni na penginepo. Mkewe akamuuliza ameangukia wapi. Akajibu kwamba hakuanguka, alilala kazini, na kwamba picha hiyo ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuchora. Nta haikutoka hata kwa sabuni ya kipande, naye hakuihuzunikia. Suruali ile akaifanya ya kazi, na hadi leo kila aingiapo sebule ya mtu, kwanza hupiga magoti. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.